Mzee anayesahau hajarogwa: Tongaren na maradhi ya ubongo

Kizazi kilichoyafungua mashamba ya Tongaren baada ya uhuru sasa kimezeeka. Chini ya mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka wa 1962, takriban familia 35,000 kote nchini zilipewa makao katika ardhi iliyokuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Ndalu, Naitiri na Tongaren yenyewe ni miongoni mwa sehemu zilizogawanywa kwa wakulima wadogo baada ya walowezi kuondoka. Vijana wa siku hizo waliingia na majembe, mikopo ya serikali na matumaini mengi, wakaugeuza ukanda huu ulio kati ya Bungoma na Kitale kuwa ghala la mahindi. Aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka wa 1964 alitimiza miaka 85 mwaka wa 2024. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, miaka mingi huja na mizigo yake, na mmojawapo ni mzigo ambao jamii yetu bado haijaupatia jina.

Mzigo huo ni maradhi ya kupoteza kumbukumbu na fahamu, ambayo wataalamu huyaita demensia. Mzee huanza kuuliza swali moja mara tano kabla ya chai kupoa. Hupotea njia ya kutoka sokoni, njia aliyoipita kwa miaka hamsini. Humwita bintiye kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Hapo majirani hugawanyika katika makundi matatu. Wa kwanza husema kwamba huo ni uzee tu, hakuna la kufanya. Wa pili hunong'ona kwamba amerogwa, au kwamba laana ya zamani imemfikia. Wa tatu, ambao ndio wa hatari zaidi, hudai kwamba mzee mwenyewe ndiye mchawi. La sivyo, huuliza, mbona anaonekana usiku wa manane akizurura nje ya nyumba za watu?

Hoja ya makala haya ni kwamba makundi yote matatu yamekosea, na kwamba kosa hilo lina gharama ya maisha ya watu. Aidha, tunashikilia kwamba pa kuanzia kulirekebisha si hospitalini pekee. Ni shuleni.

Gharama ya ujinga

Msomaji asidhani kwamba tunatia chumvi. Mnamo Oktoba 2021, katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati uliowatuhumu kuwa wachawi. Mwezi Mei mwaka wa 2008, katika eneo hilohilo la Kisii, watu 11 waliteketezwa kwa tuhuma za namna hiyo. Huko Kilifi, kwa miaka mingi, wazee wameshambuliwa na wengine kuyakimbia makwao kwa sababu mvi zao zimefanywa kuwa ushahidi. Hatusemi kwamba wahanga hao walikuwa na demensia. Hilo hatuna idhini ya kulisema. Tunachosema ni kwamba mahali ambapo tuhuma ya uchawi ni rahisi kutolewa, mtu wa kwanza kuhatarishwa ni yule anayetembea usiku bila kujua aendako, anayezungumza na wafu, na asiyeweza kujieleza anapoulizwa alikuwa akitafuta nini.

Sheria yetu, kwa bahati nzuri, si bubu. Sheria ya Uchawi, iliyopitishwa zama za ukoloni mwaka wa 1925, inamtia hatiani mtu anayemtuhumu mwenzake hadharani kuwa ni mchawi, isipokuwa kama anapeleka malalamiko yake kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka mwingine. Nayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na hadhi, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kutosha kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Lakini sheria huja baada ya tendo. Kinachotangulia tendo ni fikira, na fikira hujengwa na malezi na elimu.

Maradhi yenyewe

Yafaa basi tuelewe demensia ni kitu gani. Jina hilo si la ugonjwa mmoja bali ni la kundi la magonjwa yanayouharibu ubongo hatua kwa hatua, mpaka mtu akashindwa kukumbuka, kufikiri, kuzungumza na hatimaye kujitunza. Lililo kubwa zaidi katika kundi hilo ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao hukadiriwa kuwa ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote. Umepewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka wa 1906 aliwaeleza madaktari wenzake kisa cha mwanamke aliyeitwa Auguste Deter. Mwanamke huyo alilazwa hospitalini mjini Frankfurt mwaka wa 1901 akiwa na umri wa miaka 51 tu. Zingatia umri huo, msomaji. Kama kusahau kwa namna hii kungekuwa ni uzee tu, kungempataje mtu wa miaka 51?

Alipoufungua ubongo wake baada ya kufa, Alzheimer aliona madoa na nyuzi zilizosokotana mahali palipostahili kuwa na seli zenye afya. Leo twajua kwamba madoa hayo hutokana na protini iitwayo amiloidi, inayorundikana baina ya seli, na nyuzi hizo hutokana na protini iitwayo tau, inayojisokota ndani ya seli zenyewe. Mrundiko huo huanza kimyakimya miaka 15 au 20 kabla ya dalili yoyote kuonekana. Kwa kawaida uharibifu hushika mapema ile sehemu ndogo ya ubongo inayopokea na kuhifadhi habari mpya. Ndiyo maana mzee wa Kibukusu anaweza kukusimulia bila kukosea jinsi alivyotahiriwa pamoja na rika lake la Banyange au Bamaina, kisha asikumbuke kama amekula chakula cha mchana. Wasiojua husema anajifanya. La hasha! Habari za zamani ziliandikwa wakati kalamu ilikuwa nzima. Kalamu imevunjika, lakini maandishi ya kale bado yanasomeka.

Aina ya pili kwa wingi hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka. Huyu hupata viharusi vidogovidogo, vingine visivyotambuliwa, na akili yake hushuka kama mtu ateremkaye ngazi: leo yuko sawa, kesho ameshuka kidato, kisha hutulia hapo hadi kidato kingine. Mara nyingi aina hizi mbili huishi katika kichwa kimoja, na kila moja huiongezea nyingine makali.

Si kila kusahau ni ugonjwa. Mtu wa miaka 70 anayesahau alikoweka miwani yake, kisha akaikumbuka baadaye, hana haja ya kuogopa. Wa kuangaliwa ni yule anayeishika miwani na kujiuliza kazi yake ni nini. Mama aliyepika ugali maisha yake yote lakini sasa haujui utaratibu wake. Mfanyabiashara aliyekuwa hodari wa hesabu ambaye sasa anatoa chenji mara mbili. Hali kadhalika, mabadiliko ya tabia, kama mtu mpole kuwa mwenye shuku na hasira, yaweza kuwa dalili. Kusahau kunakomzuia mtu kufanya kazi zake za kila siku ndiko kunakohitaji daktari.

Na kwa nini daktari, ilhali tiba ya kuuondoa ugonjwa wa Alzheimer haijapatikana? Kwa sababu kuna mambo mengine yanayofanana nao ambayo hutibika. Upungufu wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo, sonona, kaswende ya muda mrefu, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, na hata baadhi ya dawa huweza kumfanya mtu aonekane amepoteza akili. Mzee aliyekuwa timamu Jumapili na amechanganyikiwa Jumatano huenda ana malaria, nimonia au maambukizi ya mkojo. Huyo ni wa kukimbizwa hospitalini, si wa kuombolezwa. Kumwacha nyumbani kwa kisingizio cha uzee ni kumnyima maisha ambayo dawa za bei nafuu zingemrudishia.

Kwa wenye Alzheimer, ziko dawa kama donepezil ambazo huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda. Ziko pia dawa mpya, lecanemab iliyoidhinishwa kikamilifu nchini Marekani mwaka wa 2023 na donanemab iliyoidhinishwa huko mwaka wa 2024, ambazo hupunguza kidogo kasi ya ugonjwa ukiwa ungali mchanga. Lakini hizo ni ghali mno, na huhitaji vipimo vya hali ya juu kabla na baada ya kutumiwa. Kwa hivyo yeyote anayemwahidi mkulima wa Tongaren kwamba atamponya babake demensia kwa bei ya ng'ombe wawili, awe na koti jeupe mjini au kibuyu sokoni, ni mlaghai.

Ni ugonjwa wa Wazungu?

Wako wasomi wetu wanaodai kwamba Mwafrika hapatwi na maradhi haya. Dai hilo lina chembe ya ukweli iliyokuzwa kupita kiasi. Uchunguzi mashuhuri uliowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani Weusi wa Indianapolis, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2001, ulionyesha kwamba visa vipya vya demensia kwa mwaka vilikuwa asilimia 1.35 huko Ibadan na asilimia 3.24 huko Indianapolis. Hao ni watu wenye asili ya karibu. Tofauti yao kubwa ni mazingira na namna ya kuishi. Somo lake basi si kwamba damu ya Kiafrika ni kinga. Somo ni kwamba namna tunavyoishi ina uzito. Na namna yetu ya kuishi inabadilika haraka.

Karibu nasi zaidi, katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Waligundua kwamba, baada ya kurekebisha tofauti za umri, asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Huko ni vijijini, kwa wakulima kama wa kwetu. Kote duniani, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 waliishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kenya yenyewe, kwa mujibu wa sensa ya 2019, ilikuwa na takriban watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Ugonjwa huu basi uko kwetu, ila tu hatuuhesabu.

Kazi ya Hai ilileta faida nyingine inayowahusu walimu moja kwa moja. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma: humtaka mgonjwa aandike sentensi, achore umbo au ataje tarehe ya leo. Mama ambaye hakuwahi kuishika kalamu huanguka mtihani huo hata kama akili yake ni kali kama wembe. Watafiti wa Hai kwa hivyo walitunga kipimo kifupi kinachofaa mazingira yetu. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani, hutaja majina ya wanyama kadiri awezavyo, humtaja kiongozi wa kijiji chake, hukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Muuguzi wa zahanati yoyote, akifunzwa kidogo, anaweza kukitumia. Kila mwalimu atatambua hekima iliyomo: mtihani mbaya humpima mtu kwa kile ambacho hakufundishwa.

Kinga iliyo mikononi mwetu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka wa 2024 jopo la wataalamu walioandika katika jarida la kitabibu la Lancet walitaja mambo 14 yanayochangia demensia na ambayo binadamu anaweza kuyabadilisha. Walikadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingezuiwa au kucheleweshwa. Mambo yenyewe ni elimu duni utotoni, uziwi, macho mabovu yasiyotibiwa, shinikizo la damu, mafuta mabaya katika damu, kisukari, unene wa kupindukia, kutofanya mazoezi, uvutaji sigara, ulevi, majeraha ya kichwa, sonona, upweke na hewa chafu. Tuyatazame machache kwa macho ya Tongaren.

La kwanza ni shinikizo la damu, ambalo huiharibu mishipa ya ubongo miaka mingi kabla ya mtu kuhisi lolote. Wataalamu hao walishauri kwamba kuanzia umri wa miaka 40 hivi, ile namba ya juu ya kipimo isizidi 130. Je, ni walimu wangapi wa miaka 40 wanaoijua namba yao? Tangu Septemba 2023, serikali ilipowazindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba ya vifaa, mashine ya kupimia shinikizo na kifaa cha kupimia sukari vilikusudiwa kufika hadi mlangoni pa mwananchi. Asiyefikiwa aulize kwa nini. Anayefikiwa asikatae kupimwa.

La pili ni kichwa chenyewe. Bodaboda zimekuwa neema kwa usafiri wa Tongaren, lakini kijana anayepanda bila kofia ngumu huenda analipa nauli ambayo itadaiwa miaka 40 baadaye. La tatu ni pombe. Sheria ya 2010 iliihalalisha chang'aa kwa masharti, lakini haikuuhalalishia ubongo sumu. Mnywaji wa kupindukia hujinyima vitamini, hujiangusha, na huziua seli za ubongo ambazo haziwezi kupandwa upya kama mahindi msimu ujao. La nne ni moshi wa jikoni. Mama aliyepuliza kuni katika nyumba isiyo na dirisha kwa miaka 50 amevuta hewa chafu kuliko mkazi wa mji wenye viwanda. Jiko lenye bomba la kutolea moshi si anasa.

La tano, ambalo hupuuzwa sana, ni masikio. Mzee asiyesikia huacha kwenda barazani, kisha huacha kuzungumza, kisha jamaa huacha kumsemesha. Ubongo usiopata kazi hulegea kama msuli wa mguu uliofungwa plasta. Mtoto anayemkaribia babu yake, akamtazama usoni na kusema polepole, anafanya kazi ya tabibu.

Ni sharti tuongeze neno la tahadhari. Hesabu hizo ni za jamii nzima. Si ahadi kwa mtu mmoja. Yuko atakayekula mboga, atembee kila siku, asivute wala kunywa, na bado apatwe. Asilaumiwe huyo wala jamaa zake. Kinga hupunguza hatari, haiifuti.

Darasa na akiba ya ubongo

Katika orodha ya mambo 14, la elimu limewekwa utotoni. Hapa ndipo mwalimu anapaswa kuketi wima. Nchini Marekani, mtafiti David Snowdon aliwafuatilia kwa miaka mingi masista 678 wa shirika moja la kitawa, ambao wengi wao walikuwa walimu. Walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi, waliishi maisha yanayofanana, na walikubali bongo zao zichunguzwe baada ya kufa. Kumbukumbu za shirika zilihifadhi insha fupi ambazo baadhi yao walikuwa wameziandika juu ya maisha yao wakiwa na umri wa miaka 22 hivi. Watafiti waligundua kwamba wale ambao insha zao zilibeba mawazo machache katika kila sentensi ndio waliopatwa zaidi na Alzheimer miongo kadhaa baadaye. Isitoshe, walikuwepo masista ambao bongo zao zilijaa madoa ya ugonjwa, lakini hadi kufa walikuwa na akili timamu. Na miongoni mwa wenye madoa hayo, waliokuwa pia na viharusi vidogo ndio walioelemewa zaidi.

Insha haikuwa dawa. Huenda ilikuwa ishara tu ya ubongo uliojengeka vyema mapema. Lakini tafiti nyingi zinakubaliana juu ya jambo moja: kusoma, kufikiri na kujifunza mambo mapya humwekea mtu akiba, hata ugonjwa unapokuja hukuta njia nyingi za kupitia badala ya moja. Mwenye akiba huchelewa kufilisika.

Ikiwa ndivyo, kuna swali la kuulizwa juu ya mafunzo yetu. Je, mwanafunzi anayekariri majibu ya mitihani iliyopita usiku kucha, kisha akayasahau mwezi mmoja baada ya mtihani, anajiwekea akiba gani? Kinachojenga ubongo ni kuelewa, kulinganisha, kubishana kwa hoja, kucheza ala, kujifunza lugha nyingine, na kuandika sentensi yenye wazo. Shule inayotoa alama nzuri na kuua hamu ya kusoma imetoa kwa mkono mmoja na kupokonya kwa mwingine.

Tukumbuke pia walionyimwa. Wanawake wengi wa Tongaren waliozaliwa katika miaka ya 1940 hawakuketi darasani. Wengine waliionja herufi katika kampeni ya ngumbaru iliyoanza mwaka wa 1979. Elimu ya msingi bila malipo ilipokuja mwaka wa 2003, wao walikuwa nyanya. Hatari yao ya leo ni deni la dhuluma ya jana. Hata hivyo, wazee wetu hawakukosa shule yao. Mzungumzaji wa kumuse, anayesimama siku chache baada ya mazishi ya mzee wa Kibukusu na kusimulia nasaba, uhamaji na maonyo ya mababu bila daftari, ni msomi kamili. Fasihi simulizi ni mazoezi ya akili, na imo katika mtaala wetu.

Kuna na mwalimu mwenyewe. Anastaafu akiwa na miaka 60. Kwa miaka 35 ubongo wake umekuwa ukiulizwa maswali na vijana arobaini kila saa. Ghafla, siku moja, kimya. Asiyejitayarishia kimya hicho hukijaza kwa redio na glasi. Chama cha usomaji, kwaya, ushirika, bustani ya miche, kuwafunza wajukuu hesabu: hizi si burudani za kupotezea wakati, ni kazi ya kuulinda ubongo. Katika utafiti uliofanyika Finland na kuchapishwa mwaka wa 2015, watu 1,260 wa umri wa miaka 60 hadi 77 waligawanywa katika makundi mawili. Waliopewa kwa miaka miwili lishe bora, mazoezi ya mwili na ya akili, na uangalizi wa shinikizo la damu walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili kuliko wenzao waliopewa ushauri wa kawaida tu. Miaka 60 basi si jioni ya kukata tamaa.

Mlezi na hati ya shamba

Kila mgonjwa wa demensia ana mgonjwa wa pili kando yake, naye ni mlezi. Mara nyingi mlezi huyo ni mke mzee, mkaza mwana, au mjukuu wa kike. Mwalimu anayemwadhibu msichana kwa kuchelewa au kusinzia darasani yafaa kwanza aulize nani alikesha na bibi usiku. Msichana asiporudi shuleni kwa sababu ya malezi, tutakuwa tumempunguzia akiba ya ubongo wake ili tuulinde ubongo uliokwisha kuvunjika. Kaka zake nao wana mikono.

Katika Tongaren kuna hatari nyingine ya pekee. Hii ni nchi ya mashamba yaliyogawanywa, na hati nyingi zimo katika majina ya wazee. Mzee asiyekumbuka ya jana anaweza kuuza kipande kimoja kwa watu wawili, au kutia kidole mahali alipoonyeshwa na mwana mwenye tamaa. Kesi huzaliwa hapo, na undugu hufa. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka mauzo ya shamba la kilimo yapate idhini ya bodi. Wajumbe wa bodi, na chifu, wajue dalili za maradhi haya na wasitosheke na mzee kutikisa kichwa. Mahakama nayo ina uwezo wa kumteua msimamizi wa mali ya mtu asiyejiweza kiakili. Lililo jema zaidi ni jamaa kuketi mapema, mzee angali na uwezo wa kueleza nia yake, akaiandika mbele ya mashahidi. Vivyo hivyo kwa shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii wanazopewa waliotimiza miaka 70: mlezi wa kuzipokea kwa niaba ya asiyekumbuka ateuliwe kwa uwazi, na ahojiwe zimetumikaje.

Serikali ya kaunti haiwezi kujitoa katika haya. Wauguzi wa Naitiri, Ndalu na kwingineko wafunzwe kipimo cha njiti za kiberiti. Dawa za shinikizo la damu na kisukari zisikosekane zahanatini. Na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ieleze bayana itamsaidiaje mgonjwa anayehitaji uangalizi kwa miaka minane au kumi. Wataalamu wa magonjwa ya ubongo ni wachache nchini na wengi wao wako mijini. Kumtuma mzee Eldoret au Nairobi kwa kila swali si mpango wa afya.

Hata hivyo, tusiisubiri serikali kwa kila kitu. Tarehe 21 Septemba kila mwaka ni siku ya Alzheimer duniani. Shule moja ya Tongaren ikitenga gwaride la asubuhi hiyo kuyaeleza maradhi haya, wanafunzi 500 watarudi katika nyumba 300 wakiwa na jibu la kumpa jirani anayenong'ona juu ya uchawi. Mwalimu wa Kiswahili na awatume wanafunzi wake kwa wazee wakakusanye masimulizi ya miaka ya 1960: nani alifika kwanza, walilala wapi, mahindi ya kwanza yaliuzwa kwa bei gani. Mwanafunzi atapata fasihi. Mzee, ambaye ya jana yamempotea lakini ya kale yangalipo, atapata msikilizaji. Nayo Tongaren itapata historia yake kabla haijazikwa.

Ewe mwanafunzi, ukikutana njiani na mzee asiyejua aendako, usimcheke wala usimkimbie. Msalimu kwa heshima, mtajie jina lako na la babako, umwongoze taratibu hadi nyumbani. Penye wazee haliharibiki neno, tuliambiwa. Mzee huyo alilinda maneno yetu alipokuwa na nguvu. Sasa amechoka, na zamu ya kulinda ni yetu.